Barua ya wazi: Mheshimiwa, kabla ya minara, tupe pa kutokea

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya kuijenga upya Stesheni Kuu ya Reli, Nairobi.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Dandora. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako. Mimi si mzima sana. Kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia kimefungwa plasta, na maneno haya nayaandika kwenye simu kwa dole gumba la kushoto. Ukiona herufi imeruka, usidhani mama huyu hakusoma.

Sikukuandika jina kwa makusudi. Hicho kiti kimekaliwa na wengi tangu nianze kusikia habari za stesheni mpya, na kila aliyekikalia nimemwona pichani akiwa na kofia ngumu na kizibao kinachong'aa, akinyoosha mkono kuonyesha kitu ambacho sisi tulio nyuma ya kamba hatukioni. Nikikuandika jina leo, huenda kesho nikahitaji kuandika barua nyingine. Basi nakiandikia kiti.

Alhamisi iliyopita mvua ilianza saa kumi jioni. Unajua mvua ya saa kumi inavyoifanya Nairobi, au pengine hujui, maana gari lako lina vioo. Nauli ya matatu hupanda kabla tone la pili halijafika chini. Mtu wa Dandora aliyebakisha hamsini ya kurudi nyumbani anaambiwa mia na hamsini, anapiga hesabu palepale steji, anakimbilia treni. Wa Mwiki hivyo hivyo, wa Githurai hivyo hivyo, wa Embakasi na Syokimau hivyo hivyo. Wote tukakutana kwenye njia moja ya kuingilia, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Wasafiri wa Mombasa wa treni ya usiku nao walikuwepo, wamewahi mapema wakiogopa foleni ya magari, kila mmoja na sanduku lake la magurudumu. Kisha kikatangazwa kitu kwenye kipaza sauti. Nusu yetu tulielewa kwamba treni inaondoka, tukaanza kukimbia kuingia. Nusu nyingine walielewa kwamba imechelewa, wakageuka kutoka.

Hapo katikati, Mheshimiwa, ndipo nilipokuwa mimi na mfuko wangu.

Sikusukumwa na mtu mbaya. Kijana wa mkokoteni, kabichi zimejaa hadi juu, alikuwa anarudi soko la Muthurwa na hakuwa na breki, akapaza sauti, "Mama, kando!" Nikaenda kando. Mguu ukaingia kwenye maji, na chini ya maji hapakuwa na ardhi. Palikuwa na mtaro usio na mfuniko. Nilijishika kwenye ukingo kwa mkono wa kulia, nikasikia kidole kikilia kama kijiti kikavu. Mfuko ukaenda na maji. Ndani yake mlikuwa na sare 14 za shule, marinda ya buluu, zilizokuwa zimebakia vifungo tu.

Mimi ni fundi cherehani. Kidole hicho ndicho kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Daktari amesema wiki sita. Wiki sita bila kidole ni mwezi na nusu bila kodi ya nyumba, bila mchango wa chama (na mwezi ujao ilikuwa zamu yangu ya kupokea), na wazazi wa watoto 14 wakinipigia simu kuuliza amana yao iko wapi. Iko mtaroni. Mmoja wao ameniambia hizo ni hadithi za mafundi. Sikumlaumu, sisi mafundi tuna hadithi nyingi, ila hii ina plasta.

Mtu asiyeweza kushona ana muda wa kusoma. Basi siku hizi nimekuwa nikisoma habari zako.

Nimesoma tena kuhusu tarehe 6 Desemba 2022, siku ambayo Rais alizindua ujenzi wa Nairobi Railway City, yaani hiyo stesheni mpya na mji wa kuizunguka, James Cleverly, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akiwa kando yake. Ekari 425. Stesheni mpya iliyochorwa na kampuni ya Atkins ya Uingereza. Ofisi, nyumba, maduka, bustani. Nimeziangalia zile picha za kompyuta mpaka data ikaisha. Ni nzuri, sikatai. Watu ndani yake wanatembea wawili wawili, hakuna aliyebeba kitu, na hakuna mvua. Nimehesabu wanawake waliojifunga leso mgongoni: hakuna hata mmoja.

Nimekumbuka pia ahadi zilizotangulia. Mwaka 2012 Mzee Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, tukaambiwa huo ni mwanzo wa treni za kisasa za mjini. Mwaka 2017 ikaja reli mpya ya kutoka Mombasa, lakini ikaishia huko huko Syokimau, hivyo mgeni wa Mombasa akishuka inambidi apande treni nyingine ndipo aione Nairobi. Sababu zake sizijui zote. Nahisi ardhi ya mjini ilikuwa ghali, na tena pana mbuga pale kando, lakini hayo ni ya wataalamu. Mwaka 2020 yakaja magari ya treni ya dizeli kutoka Hispania, yaliyokwisha kutumika huko. Watu walicheka kwamba ni mitumba. Mimi sikucheka. Mtumba ukikaguliwa mishono, ukabadilishwa zipu, unavaliwa miaka kumi. Tatizo letu silo treni kuwa kuukuu. Treni ikiwa kuukuu au mpya, mwisho wa safari tunamwagwa wote kwenye kichochoro kile kile.

Sasa kuna mjadala, nao nimeufuatilia. Wapo wanaosema stesheni ihamishwe kabisa, mji upumue. Hao nadhani hawajawahi kufanya kazi mjini na kulala Mwiki. Wapo wanaosema majengo yote ya zamani yabomolewe, na wapo wanaotaka yasiguswe hata rangi. Wapo wanaosema minara ya ofisi ndiyo itakayolipia stesheni, kwa hiyo minara ije kwanza. Hawa wa mwisho ndio ninaowaogopa, kwa sababu wanazungumza vizuri na wana karatasi zenye hesabu.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja wa maoni ya umma kuhusu mambo kama haya. Sitasema uliitishwa na nani. Tuliketi kuanzia saa tatu, wakubwa wakafika saa tano, maombi, utambulisho, utambulisho wa waliokuja na waliotambulishwa, halafu umma ukapewa dakika mbili kila mmoja. Nilisimama nikauliza: wakati wa ujenzi sisi tutapitia wapi? Nikajibiwa kwamba swali langu ni zuri na limeandikwa. Nimelisubiri hilo jibu mpaka leo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwangu mimi imeshafika kwenye vidole.

Naomba nikusimulie habari ya Mumbai, kule India, Mheshimiwa, kwa sababu sijaona popote mkiitaja. Pale palikuwa na viwanda vya nguo, vya watu wa kazi kama yangu. Vilipokufa, ardhi yake ikajengwa minara ya ofisi na maduka ya vioo. Maelfu kwa maelfu ya watu wakaanza kushuka stesheni ya Elphinstone Road kwenda kwenye ofisi hizo. Daraja la miguu likabaki lile lile jembamba la zamani. Abiria walilalamika miaka na miaka. Daraja jipya lilikuwa tayari limepitishwa kwenye karatasi. Tarehe 29 Septemba 2017, asubuhi, mvua ikanyesha. Waliokuwa juu ya daraja wakasimama kujikinga, treni zikaendelea kuleta wengine, ukatokea mkanyagano. Watu 23 wakafa wakiwa njiani kwenda kazini. Baada ya hapo jeshi likaitwa, na kufikia Februari 2018 daraja jipya lilikuwa limefunguliwa. Miezi mitano! Kazi iliyoshindikana miaka yote hiyo ilimalizwa kwa miezi mitano, watu 23 wakiwa wameshazikwa.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mvua, njia moja, treni inaleta wengine. Nilikuwa nasoma Alhamisi yangu, tofauti ni kwamba mimi nilivunjika kidole tu.

Nyinyi mnapenda mfano wa London. Kila mkutano ni King's Cross, King's Cross: ona walivyogeuza eneo la reli lililochakaa likawa mahali pa watu kula aiskrimu. Sawa. Lakini King's Cross hiyo hiyo, Novemba 1987, iliungua. Kijiti cha kiberiti kiliangukia chini ya ngazi za umeme za mbao, penye grisi na takataka za miaka, na watu 31 wakafa kwa sababu ya kitu ambacho fagio lingekiondoa. Ukumbi mpya wa abiria waliufungua 2012. Mkiwaiga Waingereza, basi waigeni kuanzia 1987. Vioo vilikuja baadaye.

Na kama ni kuhifadhi, tunajua kuhifadhi. Nenda pale makumbusho ya reli, hatua chache tu kutoka ninapoteseka. Kuna behewa ambalo mwaka 1900, pale Kima, simba aliingia usiku akamtoa ofisa wa polisi, Mzungu aitwaye Ryall, aliyekuwa amekuja kumvizia simba huyo akapitiwa na usingizi. Zaidi ya miaka 120 sasa, na behewa limetunzwa. Abiria aliyeliwa na simba ana mahali pake Nairobi. Nauliza tu kuhusu sisi wengine.

Wakati mwingine nawaza kwamba kosa ni la tangu mwanzo. Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, na mji ukachipuka kwenye kinamasi kwa sababu wahandisi walihitaji mahali tambarare pa kuweka karakana kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Wamaasai walishapaita Enkare Nairobi, maji baridi. Kwa hiyo maji yale niliyoangukia yalikuwa pale kabla ya stesheni, kabla ya mji, kabla ya wewe na mimi. Hayajahama. Yalikuwa baridi kweli.

Najua utaniambia tatizo ni wachuuzi. Wote husema hivyo. Ni kweli wamejaa njiani. Mimi mwenyewe huwakanyagia nyanya. Lakini aliyenitoa mtaroni ni mchuuzi, mama anayechoma mahindi chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Alirarua leso yake akanifunga kidole, akanipa mhindi na kukataa pesa. Jiko lake liko katikati ya njia. Kama asingekuwepo, njia ingekuwa pana zaidi kwa futi tatu, na mimi ningekuwa mtaroni mpaka saa hizi. Sijui nikwambie nini kuhusu hilo. Walijengewa soko la Muthurwa ili watoke barabarani, wakarudi barabarani kwa sababu wateja wako barabarani. Matatu nazo zilijengewa kituo cha Green Park zisiingie katikati ya mji, majaribio yakafanywa 2021, na leo ukishuka treni matatu unazikuta palepale steji ya Railways, makanga wanakuvuta mkono, wa kulia na wa kushoto. Mtu hapangiwi mahali kwa kuchora mstari. Mwulizeni kwanza yule mama wa mahindi treni ya jioni inaleta wateja wangapi na wanapita upande gani. Anajua kuliko mchoraji wenu yeyote, na hatawatoza kitu.

Sipingi minara, Mheshimiwa. Wanangu wawili wanatafuta kazi. Ofisi zikijengwa huenda mmoja akapata hata kazi ya kufungua mlango. Ninachopinga ni mpangilio. Mkileta watu wa ofisi elfu nyingi juu ya stesheni ambayo haiwezi kutoa nje watu wa treni moja wakati wa mvua, hamjapunguza msongamano, mmeukalia. Anzeni na njia. Mlango wa pili wa kutokea. Daraja pana la miguu la kutuvusha barabara ya Haile Selassie, na lingine kwa wale wanaotembea kwenda Industrial Area. Yajengwe hayo kabla ya tofali la kwanza la ofisi, na yabaki wazi siku zote za ujenzi. Tulijenga barabara ya Expressway ya kilomita 27 juu ya vichwa vya watu na 2022 magari yalikuwa yanapita. Kwa hiyo kujenga kwa haraka tunaweza. Inategemea anayesubiri ana nini mkononi, usukani au mfuko wa sare.

Halafu paa. Ile laini ya kusubiri kuingia iwe na paa, hata la mabati. Na kipaza sauti kinachosikika. Na wanaoingia na wanaotoka watenganishwe, hata kwa kamba. Kamba ile ile mnayotuzuia nayo siku za uzinduzi, ibakizeni.

Naona maombi yanakuwa mengi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ukimwomba mkubwa vitu vitano atakupa tabasamu. Basi niyapunguze. Acha daraja kidogo. Acha paa.

Ule mtaro.

Ule mtaro niliotumbukia bado uko wazi. Jumatatu nilipita asubuhi, nikakuta mtu amechomeka tawi la mti lenye mfuko wa plastiki mwekundu, ishara ya hatari. Huyo ndiye mhandisi pekee niliyemwona akifanya kazi pale. Nimekwenda ofisi tatu, sitazitaja. Ya kwanza ikasema mtaro huo ni wa barabara. Ya barabara ikasema ni wa kaunti. Ya tatu wakaniuliza kama nina barua, nikasema sina, wakasema nilete barua. Ndiyo hii.

Nimeupima. Ni inchi 31 kwa inchi 22. Nilitumia tepu yangu ya kushonea, kijana mmoja wa kuuza maji akanishikia ncha ya pili kwa sababu mkono wangu mmoja haufanyi kazi. Nikaenda kwa mafundi wa jua kali Kamukunji, mmoja akasema kifuniko cha chuma cha kipimo hicho, chenye matundu ya kupitisha maji, ni shilingi 3,500, na kwa sababu ya kidole akashusha hadi 3,200. Chama chetu kiko tayari kutoa. Tumeshachanga 1,900.

Lakini nimeonywa kwamba nikiweka kitu chochote pale bila kibali nitakamatwa kwa kuharibu miundombinu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama ekari 425 zinakuchelewesha, mimi naomba inchi 31 kwa 22. Na kama hizo nazo haziwezekani, naomba kibali tu. Karatasi moja, yenye muhuri. Mfuniko tutaleta wenyewe.

Mvua za masika hazijaisha.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Fundi cherehani, abiria wa treni ya Dandora.